Birago Hapigilii Msumari

Mimi ni wifi yake, na mambo ya mawifi mnayajua. Kwa hiyo nikianza kumsema Birago, mtu asinikatize kwamba nina chuki. Chuki nilikuwa nayo, ikaisha, sasa nimebaki na uchovu tu. Aliyechoka hasemi uongo, maana uongo nao unataka nguvu.

Kaka yangu Ofosu alipomwoa alimleta nyumbani kwetu Bantama, hapa Kumasi, akiwa na sanduku moja la bati na godoro. Nyumba ni ya ukoo wetu, aliijenga bibi mzaa mama: vyumba kumi na viwili vimezunguka ua, jiko moja, bomba moja. Mimi nimezaliwa humo, nikaolewa mara mbili na kurudi mara mbili, na hakuna aliyeniuliza, maana ni kwetu. Birago aliishi humo miaka thelathini na moja. Akapika, akazaa, akafagia ua ule kuliko mtu yeyote wa damu yetu, na hapakuwa kwake hata siku moja. Ndivyo tulivyo sisi. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, alichoacha mwanamume kinakwenda kwa mpwa wake, na mke ni mgeni wa kudumu. Mpwa wa Ofosu ni mwanangu Dapaah. Hilo liwekeni akilini, maana mimi nililiweka.

Sasa kilichokuwa kikituchekesha ni hiki: Birago hakupigilia msumari. Miaka yote hiyo, kwenye kuta zile, hata mmoja. Na mumewe seremala! Kalenda ilikaa juu ya kabati ikiegemea ukuta. Kioo kiliegemea. Pazia lilining'inia kwenye vijiti viwili alivyovisimamisha ndani ya makopo ya mchanga, upepo ukivuma linaanguka, analisimamisha tena. Picha ya harusi ililala mezani, watu wakiweka vikombe juu yake. Nilikuwa namtania, wifi, huo ukuta ukiguswa unauma? Anacheka kidogo, anaendelea kumenya muhogo wake.

Sababu niliipata kwa Ofosu, baadaye sana. Mama yake Birago alijenga jiko na tangi la maji katika nyumba ya ukoo wa mumewe huko Effiduase, kwa jasho la kuuza vitunguu. Mume alipofariki, yule mama akaambiwa achukue vyake aende kwao. Akauliza, na tangi je? Akaambiwa tangi limeshika ardhi, na ardhi si yake. Birago alikuwa na miaka kumi na mmoja, na siku hiyo wakitoka yeye ndiye aliyebeba masufuria. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tangu niliposikia habari hiyo nilipunguza utani, lakini sikuuacha kabisa.

Halafu Ofosu akapata sukari. Si ile ya vidonge, ile ya sindano, na dawa yenyewe inataka baridi. Mwaka huohuo mgao wa umeme ukachachamaa, ukirudi saa mbili unakatika saa kumi, na friji yetu ikageuka kabati la kuwekea vitunguu. Birago akawa anakwenda kila siku kwenye duka la samaki wa barafu, kwa kuwa wana jenereta, ananunua bonge la barafu, analiponda, analitia kwenye chupa ya chai, na dawa inakaa humo. Kuna wiki barafu iliyeyuka mapema bila mtu kujua. Dawa iliyopata joto haionyeshi usoni. Ofosu alijidunga maji matupu siku saba, kidonda alichokuwa nacho mguuni kikachacha, hospitali wakamkata vidole viwili.

Baada ya hapo Birago alikwenda dukani mara mbili kwa siku, asubuhi na alasiri, jua la Kumasi likimchoma utosini. Alikuwa na miaka sitini na moja. Jioni miguu imemvimba hadi kamba za ndala zinaacha alama. Mimi nilikuwa nikimwona akipita langoni na ile chupa, nikawa naona uvivu hata kumsalimia, maana kumsalimia ilikuwa kumwongezea kazi ya kuitikia.

Binti yao Frema ni muuguzi Uingereza. Akapiga simu: mama, weka sola juu ya nyumba, mimi ninagharamia, baba apate friji isiyozimika. Akapiga wiki ile, akapiga wiki iliyofuata. Birago akawa anajibu tutaona. Mwezi mzima tutaona. Ofosu hakumsukuma, alijua kinachomkwamisha. Mimi ndiye niliyemsukuma. Nilimwambia pandisha juu, wifi, upumzike. Na kila nilipolisema hilo nilikuwa nikijua kwamba kitakachopanda juu ya lile paa ni chetu, na Ofosu akifumba macho ni cha Dapaah. Sikuwa nimepanga ubaya. Nilijua tu, kama unavyojua akiba yako iko wapi hata kama huihitaji.

Mwisho Frema akamtuma fundi, kijana wa zongo, mtaa wa Waislamu wageni, aitwaye Haruna, na paneli mbili, betri na mashine yake. Haruna akapanda ngazi, akalitazama paa, akashuka amefurahi. Upande wa kusini, ambako ndiko chumba changu kilipo, unapata jua tangu asubuhi hadi jioni. Birago akamwambia aweke kila kitu, ila paa asiliguse.

Haruna alidhani anataniwa. Akamweleza taratibu, kwa heshima, kwamba mama, ua wenu asubuhi una kivuli cha vyumba vya huku, na saa tisa una kivuli cha vyumba vya kule, jua halitakuja kukutafuta. Birago akasema basi tutalifuata sisi. Ofosu, amekaa kwenye kiti mguu umefungwa bendeji, akatoa amri za kupima na kukata mbao, na kufikia jioni wakawa wameunda fremu yenye magurudumu mawili ya mkokoteni wa zamani. Paneli zikafungwa juu yake kwa kamba. Hata skrubu Birago hakutaka.

Basi hayo ndiyo yakawa maisha. Asubuhi anautoa mkokoteni na kuusukuma hadi ukuta wa magharibi. Saa nne anausogeza katikati. Mchana anausogeza tena. Jioni anaurudisha kwenye ukumbi na kuufunga kwa mnyororo, wezi nao wanapenda mwanga. Gurudumu moja lilikuwa likilia, na mlio huo nausikia hata sasa nikiwa peke yangu. Watoto wa nyumba wakamwita mchunga mbuzi. Na taabu yote hiyo ilizaa nusu: friji ilifanya kazi mchana, kabla ya alfajiri betri imeshachoka, na siku za mawingu alirudi palepale kwenye duka la samaki. Miezi sita.

Mjomba Manu, mkuu wa ukoo wetu, alipokuja kutazama ua kwa ajili ya matanga ya binamu yetu, aliukuta mkokoteni umesimama pale pa kuweka turubai. Hakupandisha sauti, yeye hapandishi. Alisema ua wa ukoo si gereji. Kitu hiki ama kipande juu ya paa ama kitoke nje ya lango, na anatoa wiki mbili. Ofosu akaitikia ndiyo Mjomba. Birago alikuwa akitwanga fufu, mchi haukusimama.

Siku ya nne mvua ilikuja ghafla. Birago akakimbilia mkokoteni, gurudumu likaingia kwenye mfereji wa maji machafu, fremu ikalala upande, naye hakuachia. Mkono wa kulia ulivunjika kwenye kifundo. Kioo cha paneli hakikuvunjika. Mimi nilikuwa mlangoni kwangu na niliona: aliutanguliza mkono chini makusudi, ili kioo kiangukie mahali laini.

Kesho yake alikuwa na plasta hadi kwenye kisugudi, na mkokoteni ukawa unanitazama mimi. Watoto shuleni, Ofosu mguu mbovu. Nikausukuma. Jamani. Nilidhani ni mwepesi, mwanamke mwembamba vile anauendesha kila siku! Asubuhi nikaupeleka ukutani, saa nne nikauvuta katikati, na mchana ulipofika nikakaa chini sakafuni, sina hata nguvu ya kutukana. Birago alikuwa kwenye kigoda karibu yangu, anajaribu kuchambua mchele kwa mkono wa kushoto.

Nikamwambia, "Pigilia, wifi. Huwezi tena, na mimi siwezi."

"Nikipigilia ni yenu."

"Na usipopigilia?"

"Nisipopigilia watamkata mguu." Akaendelea kuchambua. "Nimeliwaza hili tangu Frema apige simu ya kwanza. Nikilala nalo, nikiamka nalo. Mama yangu alikuwa akisema, kwa mume weka moyo, usiweke msumari. Mimi nimefanya hivyo. Lakini sasa huyu mtu nikiokoa paneli nitakuwa nimemwokoa nani?"

Kuku akaja akala mchele uliomwagika, na hakuna aliyemfukuza.

"Nimechoka, Konadu," akasema.

Miaka thelathini alikuwa akiniita wifi, au mama Dapaah watu wakiwepo. Jina langu sikujua kama analikumbuka.

Siku tatu baadaye akaniita chumbani kwao. Nikamkuta Ofosu kitini, amejitanda kitambaa chake kizuri cha sherehe. Kaka yake Birago, mzee Opoku, amekuja kutoka Mampong. Mezani chupa ya kijani ya schnapps, pombe kali ya mila, na glasi moja ndogo. Simu nayo mezani, Frema akisikika kutoka huko aliko. Nikajua hapo hapo nimeitiwa nini, na nusura nigeuke.

Frema akasema mbele yetu, paneli hizi na kila kinachokwenda nazo nimempa mama yangu Birago, si baba, si nyumba. Ofosu akasema amesikia, na si zake. Birago akashukuru, akaishika chupa kwa ule mkono wa kushoto, kaka yake akamsaidia kumimina. Glasi ya kwanza ikaletwa kwangu, kwa sababu mle ndani, ukimtoa Ofosu, mtu wa ukoo wenye paa nilikuwa mimi peke yangu.

Kinywaji cha shukrani kwetu si kinywaji. Ukikipokea umeona, na ukishaona huwezi tena kusema hukuona, hata ukipita mwaka, hata likipita kaburi. Ningeweza kusema tumbo langu lina vidonda, na kweli linavyo. Ningeweza kusema nimefunga. Birago alinishikia glasi bila kunihimiza, na mabega yangu bado yalikuwa yakiuma kwa ule mkokoteni. Nikanywa. Opoku akaniongezea, nikanywa na hiyo.

Kesho yake Haruna akapanda na mashine yake ya kutobolea. Boliti kumi na sita zikapita kwenye bati, zote juu ya kitanda changu. Birago alisimama uani na plasta yake, na kila mashine ilipolia alifumba macho. Ilipokwisha akaingia ndani akalala. Alilala mchana ule na usiku wake na siku iliyofuata, tukawa tunaingia kumsikiliza kama anapumua.

Ofosu aliishi mwaka mmoja na miezi tisa. Friji ilikuwa ikigandisha hadi mlango unanata. Kidonda kilifunga, akarudi kupiga randa vibao vidogovidogo, akawatengenezea watoto wa nyumba meza za kusomea. Kisha presha ikamwondoa asubuhi moja kabla ya chai. Alizikwa na miguu yake miwili na vidole vinane, na mimi nasema hivyo kwa sababu ya Birago.

Siku ya arobaini ukoo ulikaa. Dapaah akatajwa kuwa mrithi, kama ilivyotarajiwa. Akakabidhiwa vitambaa, viatu, sanduku la nyundo na misumeno. Vyombo vya ndani, friji ikiwemo, hakuna aliyevigusa, vile ni vya mjane na watoto hata serikali inajua. Sanduku la bati lilikuwa tayari limefungwa mlangoni. Kuta za chumba kile zilikuwa safi, huwezi kujua kama kuna mtu aliishi.

Zikabaki paneli. Feni ilikuwa ikizunguka juu yetu kwa nguvu za hizohizo paneli, na watu wakinywa maji ya baridi. Mjomba Manu akasema kwa ule upole wake, "Kilichopigiliwa kwenye paa ni paa."

Watu wakaitikia kwa vichwa. Opoku akaanza kusema kwamba ilikuwa zawadi ya binti kwa mama, shukrani zilitolewa. Mjomba akamsikiliza hadi mwisho, akamwambia kwa heshima kwamba upande wa mke hauwezi kujishuhudia wenyewe. Je, yupo mtu wa nyumba hii aliyeona? Maana mwenyewe Ofosu hayupo wa kuulizwa.

Birago alikaa kwenye mkeka na nguo zake nyeusi, anaangalia mikono yake. Ule wa kulia ulipona ukiwa umepinda. Hakunitazama. Laiti angenitazama, ningekasirika, na hasira ingenisaidia kunyamaza. Dapaah ndiye aliyenitazama. Mkewe anauza vinywaji vya barafu, na juzi yake nilimkuta akipima kwa hatua mahali pa kuweka friza. Wajukuu wangu wangesoma kwa taa. Kunyamaza kusingenigharimu kitu. Ni kukaa tu, na mimi kukaa nilikuwa nimeshakaa.

Nikasema, "Mjomba, mimi nilikunywa."

"Ulikunywa nini?"

"Ya shukrani. Frema alimpa mama yake, nikanywa, nikaongezewa nikanywa tena."

Mtu mmoja nyuma akacheka, akanyamazishwa. Mjomba akanitazama muda mrefu, kisha akamtazama Dapaah kwa huruma, mimi hakunipa huruma hiyo. Akasema basi, yamekwisha. Mwanangu akanyanyuka akatoka, hakuaga.

Haruna alizishusha Jumamosi. Matundu kumi na sita aliyaziba kwa lami na vipande vya mpira, lakini bati lile ni la zamani kuliko mimi, na mvua ya kwanza iliyapata yote. Nilipomwambia Dapaah, maana sasa yeye ndiye wa kukarabati, alinijibu mwiteni shahidi aje azibe. Mbele za watu ananisalimia. Tukiwa wawili anapita.

Mwezi uliopita nilikwenda Mampong. Birago anakaa kwenye nyumba ya ukoo wa mama yake, chumba cha pembeni, paneli ziko juu ya paa na zimekazwa kwa boliti nyingi kuliko haja. Nilipoingia nilisimama mlangoni. Ukutani kulikuwa na kalenda, kioo, ile picha ya harusi yenye alama za vikombe, kofia ya Ofosu, ungo, mwavuli, mkoba, hata kitu kisichohitaji kutundikwa kimetundikwa. Misumari yote imepinda. Hajawahi kushika nyundo, na nyundo za mumewe ziko kwa mwanangu, kwa hiyo alitumia jiwe, na kwa mkono ule.

Akanipa maji ya baridi. Akauliza habari za paa, nikamwambia linavuja. Akasema pole, wifi, na akatazama chini. Mwishowe nikamwambia, ili niseme kitu, kwamba ule msumari wa kofia haujashika, utaanguka.

"Ukianguka nitapigilia mwingine," akasema. "Ni kwetu."

Nikaaga mapema, kwa kuwa wingu lilikuwa limefunga upande wa Kumasi na beseni la kukinga matone nililiacha uani.